Wawili Wawili, na Mama Mkwe

Kwa aliyekosa gazeti wiki jana, kisa chenyewe ni kifupi: Burhani alisema ukweli siku ya posa.

Burhani ni fundi simu wa Miembeni, hapa Bukoba mjini, na ni katibu wa klabu ya karata ya mtaa wake. Anampenda Nasma wa Izigo, wilayani Muleba, na hilo halina mzaha hata kidogo. Mshenga wake, Shaban wa bodaboda, alishapiga hodi kwa wazazi wa binti na hodi ikaitikiwa. Sukari ilipokelewa, kanga zilipokelewa. Ilibaki mzee Faruku, baba yake Nasma, ataje siku ya mahari.

Mzee hakutaja siku. Aliuliza swali la kupitisha muda: "Hivi huko kwenu mjini watu wanapenda mchezo gani, lasti kadi au wawili wawili?"

Lasti kadi kila mtu hucheza kivyake, na anayemaliza karata mkononi kwanza ndiye mshindi. Wawili wawili ni karata za turufu: mezani mnakuwa wanne, mtu na mwenza wake wameketi wanatazamana. Mzee Faruku ni mwenyekiti wa wacheza karata wa Izigo na bingwa wa lasti kadi mpaka Kamachumu. Mtu mwenye akili timamu angesema michezo yote ni mizuri, kisha angeomba maji ya kunywa.

Burhani alisema: "Lasti kadi? Mjini wanacheza watoto, mzee, wakisubiri ubwabwa uive."

Mdomo huponza kichwa. Mzee Faruku akafuta miwani, akatoa hukumu. Klabu za Bukoba na Muleba zilikuwa zinatafuta mtindo mmoja wa mashindano ya pamoja. Basi Jumamosi meza mbili ziwekwe uwanjani kwake, watu waje wachague. "Mchezo wako ukipendwa, nataja siku ya mahari. Wangu ukipendwa, utarudi kwenu na turufu zako, na harusi ya Nasma utaisikia redioni."

Hapo ndipo tulipomwacha. Yaliyofuata amekiri kwangu mwenyewe, kichwa kainamisha, akiniomba tu nisimpambe. Simpambi. Hana pa kupambwa.

*

Jumamosi uwanja wa mzee Faruku ulijaa. Mwamuzi alikuwa mwalimu mstaafu Kyaruzi, jirani, Mlutheri wa kukaa benchi la mbele. Pande zote mbili zilimkubali kwa sababu alisema karata hazipendi, iwe za mmoja au za wawili.

"Tutajuaje mchezo upi umependwa?" aliuliza Kyaruzi.

Burhani alikuwa na jibu. Burhani daima ana jibu, ndiyo shida yake.

"Kwa kahawa, mwalimu. Kila anayeingia tunampa punje. Kuna vikapu viwili. Anaitia kwenye kikapu cha mchezo anaoutaka."

Watu wakapiga makofi. Hata mzee Faruku alitikisa kichwa kukubali, maana ni mkulima wa kahawa na wazo lilimgusa. Nasma akatumwa ghalani kuleta kahawa kavu.

Ghala lilikuwa limefungwa na ufunguo haukuonekana. Burhani, mtu wa haraka, akachungulia sebuleni, akaona kikapu kizuri kimejaa kahawa, kimefunikwa kwa jani la mgomba. Akakichukua, akapita anawagawia watu kwa mikono miwili, kwa adabu zote.

Ilikuwa kahawa ya wageni, ile iliyochemshwa na kukaushwa kwa ajili ya kutafunwa.

Sasa niambie, msomaji wa Kagera. Umefika kwa watu, kijana amekukaribisha kwa mikono miwili, amekupa kahawa. Utaitia kwenye kikapu? Utakuwa umemtukana mwenye nyumba. Wazee wa Izigo walizitia kinywani, wakashukuru, wakakaa.

Kyaruzi alipokwenda kuangalia vikapu alikuta maganda.

"Kura ziko wapi?"

"Tumezila, waitu," alijibu mzee Rweyemamu kutoka kwenye benchi, kwa heshima ya Kihaya. "Zimeiva vizuri. Hakuna nyingine?"

Mzee Faruku akamgeukia Burhani. "Mtu anayelisha watu kura zake," alisema, "atanilishia nini binti yangu?"

Kyaruzi akaamua. Mambo ya kura basi. Watu wacheze, watu watazame, na yeye akipuliza filimbi kila mtu asimame pale alipo. Meza yenye watu wengi ndiyo itakayokuwa imeshinda.

*

Nawaambieni kweli, mwanzoni Burhani alikuwa anazama.

Lasti kadi haina masharti. Ukifika unakaa, unapewa karata, unacheza. Meza ya mzee Faruku ilizungukwa upesi, na mzee mwenyewe alikuwa anazipiga karata mezani kwa kishindo, kila karata na neno lake. "Hiyo hapo! Kula hiyo! Nenda kamwambie mkeo!" Watu walicheka mpaka wakashikana mabega.

Meza ya wawili wawili ilikuwa na Burhani peke yake. Watu wa Izigo waliogopa kuchagua mwenza, maana ukimchagua huyu, yule ananuna, na wote mnakutana kesho kisimani.

Burhani akapanda juu ya kiti. "Jamani! Hapa hakuna kuchaguana! Tunapitisha karata kwenye sinia, kila mtu anachukua moja. Mliopata namba ileile na rangi ileile ndio wenza. Mzee, kijana, mwanamume, mwanamke, yeyote! Kura haina upendeleo, na kura haibishiwi!"

Hapo watu wakasogea. Sinia likazunguka uwanjani, likaenda barazani, na kwa kuwa katibu amesema mwanamke ruksa, likaingia mpaka jikoni.

Rweyemamu alipata nane. Ildefons, mnunuzi wa kahawa, akapata nane pia. Wakakaa wakitazamana, wanachekelea.

Burhani alipata saba ya kopa. Akaiinua juu. "Nani mwenye saba mwenzake?"

Watu wakachungulia karata zao.

"Saba nyekundu jamani, nani anayo?"

Mlango wa jikoni ukafunguka kidogo. Ukatoka mkono wenye bangili, umeshika saba ya uru.

Alikuwa Mama Mwamvita, mke wa mzee Faruku, mama mzazi wa Nasma.

"Mawe!" alisema mtu nyuma, ndiyo "mama yangu!" ya Kihaya.

Nisiwasumbue walio mbali na huku kwetu. Kwa watu wa rika la mzee Faruku, mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Mkwe akimwona mama mkwe anakuja njiani, anaingia migombani mpaka apite. Salamu ni ya kutazama chini, na sahani moja hawali. Burhani tangu aanze kufika Izigo alikuwa hajui Mama Mwamvita ana sura gani. Alimjua kwa viatu.

Tena kuna jambo la pili. Katika wawili wawili wa Miembeni kupeana ishara ni ruksa, na ndiyo raha yenyewe. Unamtazama mwenza wako machoni. Ukilamba midomo, huna kitu. Ukikonyeza jicho la kulia, unayo ree ya turufu, karata kubwa kuliko zote.

Burhani akakimbilia nyuma ya jiko alikokuwa Nasma.

"Umefanya nini?" Nasma aliuliza.

"Ni kura."

"Kura gani inayomtoa mama jikoni?"

"Basi najitoa."

"Ukijitoa meza inavunjika. Meza ikivunjika baba ameshinda, na mimi utanisikia redioni." Nasma alikuwa amekasirika, lakini machozi yalikuwa karibu, na Burhani aliyaona. "Nenda ukakae. Tazama chini. Hilo la kutazamana niachie mimi."

Akaja na kanga. Akaifunga upande mmoja kwenye mpapai, upande wa pili kwenye nguzo ya baraza, ikapita katikati ya meza. Burhani huku, Mama Mwamvita kule, na chini ya pindo palibaki nafasi ya kupitisha mkono na karata. Mzee Faruku aligeuka kutoka mezani kwake, akaikagua ile kanga, akaona adabu imehifadhiwa. Akaendelea na kishindo chake.

*

Mchezo ukaanza, na Burhani akaanza kushangaa.

Mkono ule uliotoka chini ya kanga haukusita. Burhani akitoa kubwa, mkono unatupa ndogo. Ildefons akitoa kubwa, mkono unaikata kwa turufu. Burhani hakujua, na hakuna aliyekuwa amemwambia, kwamba Mama Mwamvita alizaliwa Hamugembe, Bukoba mjini, akakua na kaka zake walioshinda wanacheza karata kibarazani, wakikosa mtu wa nne wanamwita yeye. Alipoolewa Izigo aliziacha karata kama alivyoacha mengine.

Rweyemamu na Ildefons wakafungwa mkono wa kwanza. Wakafungwa wa pili. Watu watatu wanne wakahama kutoka lasti kadi kuja kuona kulikoni.

Ildefons hapendi kufungwa. Akainama, akachungulia chini ya meza, akainuka anapiga kelele.

"Mwalimu! Hawa wanakanyagana miguu! Wanapeana ishara chini ya meza!"

"Nimekanyaga mguu wa meza!" Burhani alilia.

"Mkwe anamkanyaga mama mkwe!" alisema mmoja, na wa nyuma yake akalirudia kwa sauti zaidi. Kufika barazani habari ilishakuwa kubwa kuliko hapo ilipotokea.

Lo! Watu walivyokimbia! Meza ya lasti kadi ilibaki na wachezaji na kuku. Benchi lilibebwa likiwa na wazee juu yake. Shaban mshenga alipanda mpapai.

Kyaruzi akasukuma watu, akafika. "Ishara za macho tunaziona wote. Za miguu hatuzioni. Kanga itoke, watazamane kama wengine, mchezo uendelee. La sivyo wenza hawa watoke, na meza imevunjika."

Burhani alitazama watu. Walikuwa wengi kuliko alivyowahi kuwaona kwenye karata hata Miembeni. Filimbi ilikuwa tayari inaning'inia shingoni mwa Kyaruzi. Dakika chache tu, na siku ya mahari imetajwa. Akimtoa mama yule mezani amemkosa Nasma. Akiondoa kanga amevunja mila mbele ya Izigo nzima.

Akatafuta njia ya tatu. Msomaji, mtu wa kwetu akitafuta njia ya tatu mwombee dua.

"Iondoeni!" alisema, kasimama, mkono juu. "Kwani mwiko ni wa nani? Ni wa mkwe na mama mkwe! Mimi nimetoa mahari? Sijatoa. Nimefunga ndoa? Sijafunga. Basi mimi si mkwe! Nasema mbele yenu nyote, mimi si mkwe wa mtu hapa!"

Ilikuwa hoja nzuri sana. Kyaruzi alifikiri kidogo, akasema kisheria imesimama.

Juu ya mpapai Shaban alishika kichwa. "Sukari yote ile," alisema. "Nimeibeba toka Bukoba kwa mvua, kumbe nampelekea mtu asiye mkwe."

Na mlangoni mwa jiko alikuwa amesimama Nasma, birika mkononi. Burhani alipomwona alitaka kusema neno jingine. Lakini kanga ilishafunguliwa.

*

Akainua macho.

Mama Mwamvita alikuwa mama wa makamo, uso mpana, macho ya utundu. Ni macho ya Nasma yale yale, na Burhani alipoyaona aliona haya, akainama tena.

"Tazama huku, kijana," alisema Mama Mwamvita. Ndiyo mara ya kwanza kumsemesha. "Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Tazama, unacheza na nani?"

Akatazama.

Mama Mwamvita akamkonyeza. Jicho la kulia, taratibu, mbele ya watu wote, bila wasiwasi.

Sijui niielezeje kelele iliyotokea. Wanawake walitoka jikoni na miiko. Rweyemamu alicheka mpaka akaangusha karata zake, zote zikaonekana. Burhani, jasho linamtoka, akatupa kubwa aliyokuwa akiificha, mwenza wake akaishukia na ree, wakala mkono ule na uliofuata. Kila wakila, watu wanarukaruka. Wale waliokuwa bado wanacheza lasti kadi wakaacha karata zao mezani, wakaja.

Kyaruzi akapuliza filimbi.

Kila mtu akasimama alipo. Hapakuwa na haja ya kuhesabu. Meza ya wawili wawili ilizungukwa mpaka migombani. Kwenye meza ya lasti kadi alikuwapo mzee Faruku peke yake, karata moja imebaki mkononi. Alikuwa amebakiza moja tu ashinde, na hapakuwa na wa kushindana naye.

Burhani alifurahi, kisha akamwonea huruma, kisha akaogopa. Ananiambia vyote vitatu vilikuja kwa mpigo.

Mzee akaiweka ile karata chini, polepole, bila kishindo. Akaja.

"Wawili wawili imeshinda," alisema. "Neno langu ni neno langu. Mashindano yatakuwa ya wawili wawili, Jumamosi ijayo, Bukoba."

"Na siku ya mahari, mzee?" Shaban aliuliza kutoka mtini.

"Mahari ya nani? Mwenye mahari amesema si mkwe. Nimesikia mimi, amesikia mwalimu, wamesikia na wa barabarani."

"Baba, nilikuwa..." Burhani alianza.

"Ngoja. Mimi si mtu wa kukomoa. Nakupa nafasi uchague. Ukiwa mkwe, hujawahi kumtazama mama huyu, yaliyotokea leo tunayafukia, na siku ya mahari naitaja sasa hivi. Usipokuwa mkwe, unaweza kumtazama mpaka macho yachoke. Sema moja."

Safari hii Burhani hakutafuta njia ya tatu. Alipiga magoti pale pale kwenye maganda ya kahawa.

"Mkwe," alisema. "Nachagua kuwa mkwe, baba. Nampenda Nasma. Karata siyo kitu."

Watu wakasema aah. Mzee Faruku akamshika bega, uso umeanza kulainika. Mdomo wake ulishafunguka kutaja siku.

"Sikubali," alisema Mama Mwamvita.

Wote wakageuka. Alikuwa bado amekaa mezani, anazichanganya karata, wala hakuinua uso.

"Mama Nasma?" mzee aliuliza.

"Baba akikubali na mama akakataa, binti anaolewa?"

"Haolewi," alisema mzee, kwa shida.

"Basi nimekataa. Tangu uliponileta hapa, waitu, nimewachemshia kahawa wanaume wa Izigo wakicheza karata. Hata siku moja sikuulizwa kama najua. Leo nimecheza, nimeshinda. Jumamosi nitacheza Bukoba, kwetu, kaka zangu wanione. Na mwenza wangu ni huyu. Akishakuwa mkwe nitamtazama wapi? Kwa hiyo asubiri. Mashindano yakiisha aje apige hodi upya. Mpaka siku hiyo mimi sina mkwe, nina mwenza."

Wanawake wa jikoni walipiga vigelegele kabla ya kujua wanapigia nini. Burhani, kapiga magoti vile vile, alimtazama mzee. Mzee alimtazama Kyaruzi. Kyaruzi alisema hilo si la mwamuzi.

Ndipo birika likatua mezani kwa nguvu, kahawa ikaruka juu ya turufu.

"Mmemaliza?" aliuliza Nasma. "Baba amenichezea lasti kadi. Mama amenichezea wawili wawili. Na wewe, Burhani, umenikana kwa sauti, ukanirudia kwa magoti, saa moja haijapita. Kuna aliyeniuliza mimi?"

Shaban alikuwa ameanza kushuka mpapai.

"Shaban, pikipiki yako ina mafuta?"

"Inayo," alisema Shaban, kabla hajafikiri.

"Nipeleke Hamugembe, kwa shangazi Nuriat."

Mzee Faruku alikaa chini. Shangazi Nuriat ni dada yake mkubwa. Kwa desturi zetu shangazi akishika jambo la binti, baba na mama wanakuwa wageni waalikwa. Na tangu mwaka jana shangazi huyo ana mposaji wake aliyemchagulia Nasma, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu mtaratibu, asiyecheza karata ya aina yoyote.

"Nasma!" Burhani aliruka. Pikipiki ilishawaka. Alipiga hatua ya kwanza ya kumkimbilia, akajikuta haendi.

Mkono wenye bangili ulikuwa umemshika shati.

"Kaa chini, mwenzangu," alisema Mama Mwamvita. "Mchezo haujaisha, na ni zamu yako kugawa."